Mtoto wa Mbwa Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafugaji Wapya wa Malindi

Majibu haya yamekusanywa kutokana na maswali ambayo watu wanaofuga mbwa kwa mara ya kwanza huyarudia, kuanzia Shella na Barani mjini hadi Muyeye, Ganda na Kakuyuni. Jambo moja linapita katika majibu yote na ni vyema lisemwe mapema: mtoto wa mbwa wa kienyeji anahitaji chanjo, dawa ya minyoo, maji na kivuli sawasawa na yule aliyenunuliwa kwa bei kubwa Nairobi au Mombasa. Imani kwamba mbwa wa kienyeji ni mgumu na hujilea mwenyewe imeua watoto wengi wa mbwa ambao wangeweza kuishi.

## Kabla ya kumleta na siku za kwanza

Mtoto wa mbwa achukuliwe kwa mama yake akiwa na umri gani?

Asichukuliwe kabla ya kutimiza wiki 8. Muuzaji akikuambia kwamba ana wiki 5 lakini "ameshaanza kula sima", hilo halitoshi. Katika wiki zile za mwisho akiwa na ndugu zake ndipo anapojifunza kuuma bila kuumiza, kwa sababu akimuuma mwenzake kwa nguvu, mwenzake hulia na mchezo hukatika. Anayetolewa mapema mara nyingi huja kuwa muumaji, na tumbo lake pia halijakomaa kwa chakula kigumu.

Omba kumwona mama. Mama aliyekonda, mwenye kupe masikioni na macho yenye tongotongo, anakupa picha ya afya ya watoto wake. Mfungue mdomo mtoto unayemtaka: kufikia wiki 8 meno yote 28 ya utotoni huwa yametoka au yanamalizia kutoka. Akiwa na meno ya mbele pekee, amepunguziwa muda wa kukaa na mama yake.

Je, nichague mbwa wa kienyeji au wa kizungu?

Kwa hali ya hewa ya Malindi, ninapendekeza wa kienyeji bila kusita. Ana manyoya mafupi, mwili wa wastani na pua ndefu inayomsaidia kupoza mwili kwa kuhema. Jemani shepadi ana manyoya mazito yanayomtesa katika miezi ya kaskazi, na mbwa wa pua bapa hupata shida ya kupumua hata akiwa kivulini. Ukiwa tayari umempata wa namna hiyo, soma kwa makini jibu kuhusu joto katika sehemu ya mwisho.

Nitayarishe nini nyumbani?

Bakuli mbili nzito zisizopinduka kwa urahisi, moja ya maji na nyingine ya chakula. Mkanda wa shingoni na kamba nyepesi. Gunia safi au kanga kuukuu ya kulalia. Na kibanda kilichoezekwa kwa makuti. Kibanda cha mabati matupu huwa tanuri kufikia saa tano asubuhi. Sakafu iinuliwe kidogo kutoka ardhini, kwa sababu mvua za masika hupitisha maji chini ya kila kitu, na mtoto wa mbwa anayelala palipolowa haraka hupata kikohozi na magonjwa ya ngozi.

Analia usiku kucha. Nimwache alie mpaka azoee?

Siku chache za kwanza, usimwache peke yake mbali. Ametenganishwa na mama na ndugu aliokuwa akilala juu yao, na kilio chake ni hofu tu. Mlaze karibu na mlango wa chumba chako au kwenye boksi kando ya kitanda, umwekee kitambaa kilicholalwa na mama yake, ambacho unaweza kukiomba siku unayomchukua. Akitulia, sogeza boksi kidogo kidogo hadi mahali unapotaka alale siku zote. Akilia katikati ya usiku baada ya kulala kwa saa kadhaa, pengine anataka choo. Mtoe, ajisaidie, umrudishe bila mchezo wala mazungumzo.

## Chakula na maji

Ale mara ngapi kwa siku?

Kuanzia wiki 8 hadi miezi 3, mara 4 kwa siku. Kuanzia miezi 3 hadi 6, mara 3. Baada ya hapo mara 2 hadi utu uzima. Tumbo lake ni dogo, na mbwa mchanga anayelishwa mara moja kwa siku, tena chakula kingi, hufura tumbo na kuharisha. Maji yawepo wakati wote. Visima vingi vya hapa vina maji ya chumvi. Mpe maji yale unayokunywa wewe mwenyewe.

Je, sima na dagaa vinatosha?

Vinaweza kuwa msingi mzuri iwapo vitapangwa vyema, lakini jinsi wengi wanavyovitoa havitoshi. Tatizo la kawaida ni bakuli lililojaa sima na mchuzi juu yake. Sima hushibisha bila kujenga mwili. Mtoto wa mbwa anayekua anahitaji protini nyingi kuliko mbwa mzima, na pia madini ya kalsiamu kwa ajili ya mifupa. Ukimlisha wanga mtupu utaona tumbo kubwa, mbavu nje, manyoya yasiyong'aa, na pengine miguu ya mbele iliyopinda.

Dagaa wakavu ni chakula bora kwa sababu huliwa wazima pamoja na mifupa yao laini, na hapo ndipo kalsiamu inapopatikana. Waroweke, wasuuze chumvi, uwachemshe, kisha uwachanganye na sima laini au wali kiasi kwamba dagaa waonekane kwa wingi na si kama kiungo. Siku nyingine badilisha kwa mayai yaliyochemshwa, matumbo ya ng'ombe yaliyooshwa na kuiva, au vichwa vya samaki vilivyochemshwa na kutolewa miiba yote kwa mkono. Maini mpe kidogo, mara moja au mbili kwa wiki, kwani yakizidi humlundikia vitamini A. Malenge, karoti na sukuma wiki iliyochemshwa humfaa.

Ng'onda na papa mkavu wana chumvi nyingi mno kwa mbwa mchanga. Machicha ya nazi na tui zito, ambavyo hutupiwa mbwa katika nyumba nyingi za Pwani, vina mafuta yanayoweza kumharisha vibaya. Ukiwa na uwezo, chakula cha dukani kilichotengenezwa mahususi kwa watoto wa mbwa kina uwiano uliokamilika, nacho usikichanganye na sima ili "kiongezeke", kwa sababu utakuwa umeuharibu uwiano uliolipia.

Je, maziwa ya ng'ombe yanamfaa?

Hapana, si kama chakula cha kila siku. Wengi hushindwa kuyasaga na huharisha. Baada ya kuachishwa ziwa anahitaji maji tu.

Ni vitu gani vya nyumbani vyenye sumu kwake?

Chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu maji na vitunguu saumu, kahawa, pombe, na peremende au siagi ya karanga yenye sukari bandia ya ksailito. Dawa za binadamu za maumivu, hasa aibuprofeni na parasetamoli, huharibu tumbo, figo au ini lake, kwa hiyo usimpe hata robo ya kidonge. Mbegu za mbarika ni sumu kali. Mabaki ya muguka na miraa yaliyotupwa barazani yafagiliwe, maana huufanya moyo wa mbwa mdogo kwenda mbio. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo. Kuhusu samaki wa ufukweni, tazama jibu kuhusu bunju, samaki mwenye sumu anayejifura, katika sehemu ya mwisho.

## Chanjo, minyoo na wadudu

Apewe chanjo gani, na lini?

Chanjo ya kwanza ya mchanganyiko, inayokinga dhidi ya parvo (imeelezwa hapa chini), distempa (ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu, tumbo na ubongo) na ugonjwa wa ini wa mbwa, hutolewa kati ya wiki ya 6 na ya 8. Hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16. Daktari wa mifugo anaweza kuongeza kinga ya leptospira, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya na unaompata binadamu pia. Nashauri ukubali, hasa ikiwa unakaa mahali panapotuama maji wakati wa masika. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi 3 na kurudiwa kila mwaka. Katika kampeni za chanjo za mitaani anaweza kuchanjwa akiwa mdogo zaidi. Mpeleke hata hivyo, kisha arudiwe akifikisha miezi 3. Itunze kadi ya chanjo kama unavyoitunza kadi ya kliniki ya mtoto.

Kwa nini sindano moja haitoshi?

Mtoto wa mbwa hupata kinga kutoka kwa mama yake kupitia dang'a, maziwa ya mwanzo. Kinga hiyo humlinda, lakini pia huizuia chanjo isifanye kazi. Hupungua polepole, na hakuna anayeweza kujua kwa kumtazama tu kama imekwisha wiki ya 8, ya 12 au ya 15. Ndiyo maana chanjo hurudiwa: moja kati ya hizo itamkuta katika wakati ambapo kinga ya mama imetoweka na yake mwenyewe iko tayari kujengwa. Anayeacha baada ya sindano ya kwanza mara nyingi humwacha mbwa bila kinga yoyote huku akiamini kwamba amemkinga.

Je, ninaweza kununua chanjo agroveti na kumdunga mwenyewe?

Usifanye hivyo. Chanjo hizi hutakiwa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za selsiasi tangu kiwandani hadi zinapoingia mwilini. Chupa iliyokaa kwenye friji ambayo umeme wake ulikatika tangu jana, au iliyobebwa mfukoni kwenye bodaboda kutoka mjini hadi Ganda saa saba mchana, huonekana vilevile machoni lakini inaweza kuwa haina nguvu tena. Hata daktari akija nyumbani una haki ya kutazama: chupa itoke kwenye kasha lenye barafu, na karatasi ya chupa ibandikwe kwenye kadi pamoja na tarehe. Daktari wa mifugo anapaswa kuwa amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na si utovu wa adabu kumwuliza.

Parvo ni nini, na nitaitambuaje?

Ni ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo na chembe za kinga, na ndio ninaouhofia kuliko yote kwa mbwa wa chini ya miezi 6. Huanza kwa mbwa kukataa chakula na kulala pembeni. Kisha hutapika mara kwa mara, na baada ya muda mfupi huharisha maji yenye damu na harufu kali isiyosahaulika kwa aliyewahi kuinusa. Mvute ngozi ya shingoni kwa vidole viwili na kuiachia: ikikawia kurudi mahali pake, maji ya mwili yamekwisha.

Usisubiri kesho. Mbwa mchanga anaweza kufa ndani ya siku 2 au 3, na kinachomuua mara nyingi ni upungufu wa maji na bakteria wanaoingia kwenye damu kupitia utumbo uliojeruhiwa. Hakuna dawa inayoua virusi vyenyewe mwilini. Tiba ni maji ya mshipa, dawa za kuzuia kutapika na antibayotiki chini ya daktari. Kumlazimisha kunywa uji au maji ya dafu huku anatapika humwongezea madhara.

Virusi hivi huweza kuishi kwenye udongo kwa mwaka mzima na hubebwa na viatu, kwa hiyo mbwa asiyetoka uani pia hupata. Binadamu haambukizwi parvo ya mbwa.

Dawa ya minyoo itolewe mara ngapi?

Kila baada ya wiki 2 tangu akiwa na wiki 2 hadi wiki 12, kisha kila mwezi hadi miezi 6, halafu kila miezi 3. Usishangae kwamba anazaliwa nayo: minyoo ya mviringo hupita kutoka kwa mama akiwa bado tumboni, na minyoo ya safura hupitia kwenye maziwa. Kipimo hufuata uzito, basi mpime kwanza. Mabuu ya minyoo hii huingia kwa binadamu pia, hasa watoto wanaocheza mchangani bila viatu, kwa hiyo kinyesi kiokotwe kila siku na kifukiwe mbali na kisima.

Ana kupe na viroboto. Je, nimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe?

Hili ndilo kosa linalofanywa kwa nia njema kuliko yote. Dawa ya josho imepimwa kwa mnyama wa mamia ya kilo mwenye ngozi nene. Mbwa wa kilo 3 huilamba kwenye manyoya yake na kuanza kutetemeka, kutokwa na mate na kupoteza fahamu. Tumia dawa ya mbwa iliyoandikwa umri na uzito, iwe ya matone ya mgongoni au ya kidonge. Mafuta ya mwarobaini yasiwe mbadala wa dawa hiyo.

Kupe wa mbwa wa Pwani hueneza magonjwa ya damu. Kila jioni mpapase masikioni, katikati ya vidole, chini ya mkia na kwenye kwapa; kupe akishikwa karibu kabisa na ngozi na kuvutwa wima hutoka mzima. Mfunue mdomo utazame ufizi. Ufizi wa waridi ni salama. Ukiwa mweupe kama karatasi, damu imepungua na daktari anahitajika siku hiyo hiyo. Kupe hutaga eneo la kulala na si mwilini, kwa hiyo anika gunia lake juani, fagia nyufa za kuta na ubadilishe makuti yaliyochoka.

Ana vijipu vyenye tundu katikati, na nyayo zake zimevimba. Ni nini?

Nyayo zilizovimba zenye vidoa vyeusi katika nyumba ya sakafu ya vumbi huwa ni funza. Vijipu mwilini vyenye tundu linalopumua mara nyingi ni mabuu ya nzi anayetaga mchangani penye mkojo au kwenye nguo mbichi. Paka mafuta mazito ya mgando juu ya tundu, subiri buu litoe kichwa, kisha litolewe taratibu bila kulipasua. Funza waachie mtaalamu, na sindano iliyotumika kwa mbwa isitumike kwa mtu yeyote. Nyunyiza maji sakafuni na kufagia kila siku. Vumbi la sakafu ndipo funza huzaliana.

## Mafunzo na matembezi

Nitamfundishaje kwenda choo nje?

Mtoe kila anapoamka, kila anapomaliza kula na kila baada ya mchezo, mahali palepale pamoja, na umsifu papo hapo anapomaliza. Kwa makadirio, uwezo wake wa kujizuia kwa saa haupiti sana idadi ya miezi yake. Kumsugua pua kwenye mkojo wake humfundisha jambo moja tu, yaani kukuogopa na kujificha wakati wa haja.

Anauma mikono na miguu ya watoto. Ni mkali?

Hapana. Anacheza jinsi alivyocheza na ndugu zake. Akiuma, mchezo usimame mara moja, mkono uondolewe kimya, na apewe kitu cha kutafuna. Kati ya miezi 4 na 7 meno ya utotoni humtoka na ufizi humuwasha, kwa hiyo kitambaa kilicholowa na kugandishwa kwenye friza humtuliza. Usimpe kifuu cha nazi, kwa sababu huvunja meno na vipande vyake hukata koo.

Nianze lini kumtoa nje, na je, ninaweza kumpeleka baharini?

Matembezi ya ardhini mahali wanapopita mbwa wengine yasubiri hadi wiki 1 au 2 baada ya sindano ya mwisho ya wiki 16. Lakini kuna upande wa pili ambao husahaulika: kati ya wiki ya 3 na ya 14 ndipo akili yake huamua nini ni cha kawaida na nini ni cha kuogopwa. Mbwa aliyefungiwa kabisa mpaka mwezi wa tano huogopa kila tuktuk. Mbebe mkononi. Simama naye barabarani asikie bodaboda, aone wanawake wenye mabuibui, wazee wenye bakora na watoto wa shule, bila miguu yake kugusa ardhi.

Baada ya chanjo, ufuko ni mzuri alfajiri na jioni. Beba maji matamu, maana akinywa ya bahari atatapika na kuharisha. Awe kwenye kamba. Mbwa wanaozurura huchimba viota vya kasa katika fukwe za Malindi na Watamu, na hasara ya kiota kimoja ni kubwa kwa viumbe walio hatarini kutoweka. Hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968, si mahali pa kupeleka mbwa.

Nimfunge mnyororo mchana ili awe mkali usiku?

Hapana, na ninalisema hili kwa uzito. Mbwa anayelelewa kwenye mnyororo hawi mlinzi bora. Huwa mwoga, na mbwa mwoga humuuma yeyote anayemkaribia, akiwemo mtoto wa nyumbani. Mlinzi mzuri anawajua watu wake vyema ndipo atambue mgeni. Mnyororo pia hukata shingo inayokua: mkanda uliofaa wiki iliyopita unaweza kuwa umembana leo, kwa hiyo kila wiki pitisha vidole viwili chini yake. Mkiwa na haja ya kumzuia, jengeni uzio.

## Majirani, dini na sheria

Majirani zangu ni Waislamu. Nifugeje bila kuwakera?

Waislamu wengi wa Malindi hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa na mwili wake ulio na unyevu kuwa najisi. Chombo alichoramba huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Jirani aliyetawadha na nguo yake ikaguswa na pua yenye maji ya mbwa wako amewekewa kazi kabla ya kuswali. Kwa hiyo mbwa asifike barazani kwa watu, asilambe ndoo za kisimani, wala asiachwe njiani kuelekea msikitini. Kufuga mbwa wa ulinzi, wa mifugo au wa kuwinda kuna ruhusa katika dini, na kumnyima mnyama maji au kumtesa kumekatazwa. Wazee wengi wa mtaa wanalijua hilo vizuri. Nenda kwa jirani kabla ya kumleta mbwa, umpigie hodi na umweleze. Ugomvi mwingi ungezuilika kwa hatua hiyo.

Mbwa wangu hulia adhana ikianza. Ina maana gani?

Mbwa huitikia sauti ndefu za kupanda na kushuka, kama anavyoitikia king'ora cha gari la wagonjwa. Muingize ndani dakika chache kabla na umpe kitu cha kutafuna, ili wanaosikiliza wasikilize kwa utulivu.

Sheria inanitaka nifanye nini?

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, udhibiti wa wanyama, ikiwemo leseni za mbwa, uko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo maulizo yapelekwe ofisi ya mifugo ya Kaunti ya Kilifi. Kichaa cha mbwa kina sheria yake, Sura ya 365, na ukatili dhidi ya wanyama unashughulikiwa na Sura ya 360.

Mbwa mchanga amemng'ata mtoto. Tufanye nini?

Osheni jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo. Msipake majivu, pilipili wala mafuta ya taa. Kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo aanzishiwe chanjo na amalize siku zote alizopangiwa. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa watu hutoka kwa mbwa. Umri mdogo wa mbwa usiwadanganye, kwani mbwa wa miezi 2 anaweza kuwa nacho.

Msimuue mbwa. Afungiwe mahali salama na atazamwe kwa siku 10. Akibaki mzima muda huo wote, hakuwa akitoa virusi mateni siku aliyouma, na hilo litamsaidia daktari kuamua kuhusu sindano zilizobaki. Matibabu ya mtoto yasingojee siku hizo ziishe.

## Hali zisizo za kawaida

Amehema sana kwa joto na sasa anayumba.

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likipita 41, viungo vya ndani huanza kuharibika. Mhamishie kivulini, mmwagie maji ya kawaida ya bomba tumboni, kwapani na miguuni, mpepee, na mpe maji ya kunywa kidogo kidogo kama ana fahamu. Usimfunike kwa kanga iliyolowa ukaiacha, kwa sababu hupata moto na kumzuia kupoa. Kisha kwa daktari, hata akionekana amepata nafuu. Februari na Machi, asitolewe kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Weka mgongo wa kiganja juu ya mchanga, na usipoweza kukiacha hapo, nyayo zake nazo haziwezi.

Ameokota bunju ufukweni. Kuna dawa?

Hakuna dawa ya kuiondoa sumu ya bunju. Haiharibiwi kwa kupikwa wala kukauka juani, kwa hiyo bunju aliyekauka kama boga tupu kwenye mstari wa mwani ana hatari ileile. Mbwa huanza kutokwa na mate, hutapika, hulegea miguu ya nyuma, kisha misuli ya kupumua husimama. Muda wa kumwokoa ni ule kabla dalili hazijaanza: mpeleke kwa daktari mara tu unapomwona ametafuna, ukiwa na kipande kilichobaki. Mfundishe mapema neno "acha", kwa kumbadilishia kitu anachopenda zaidi kila anapokiachia alichonacho.

Swila, nyoka anayetema sumu, amemtemea macho.

Mwoshe macho kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, umshike asijikune, kisha umpeleke kwa daktari. Usitie maziwa wala dawa ya macho ya binadamu.

Ahasiwe akiwa na umri gani?

Kwa kawaida kuanzia miezi 6. Kwa mbwa wa mwili mkubwa daktari anaweza kushauri kusubiri. Jike anaweza kupata joto lake la kwanza akiwa na miezi 6 tu, na mimba katika umri huo humdhoofisha. Asiyetaka kulea watoto 6 au 8 na kuwatafutia nyumba zote asiahirishe. Wale mbwa koko wanaolala kando ya soko walianza kwa uahirishaji huo.

Mbwa wangu alikufa kwa parvo. Nimlete mwingine lini?

Si mtoto wa mbwa asiye na chanjo, kwa muda wa mwaka mmoja. Choma au fukia matandiko. Sakafu ya saruji na bakuli zioshwe kwanza kwa sabuni, kisha kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, na ziachwe zilowe dakika 10. Ua wa mchanga hauwezi kusafishwa hivyo. Fyeka majani ili jua lifike chini, ondoa tabaka la juu pale alipokuwa akilala na kujisaidia, na uzuie mbwa wa jirani wasipite. Usipoweza kusubiri, mchukue mbwa aliyevuka wiki 16 na mwenye kadi inayoonyesha chanjo zote hadi ya wiki 16, na umlete angalau wiki 2 baada ya sindano hiyo ya mwisho.